Mkunga wa Upande wa Tangi

Nilizaliwa ndani ya chumba ambacho kisheria sikuruhusiwa kuingia. Ilikuwa Jumanne ya Januari mwaka 1941, saa nne na kitu asubuhi. Mkunga aliyenipokea aliitwa Arvesta Goolsby. Habari hii ni yake, si yangu, ingawa kuna mahali siwezi kumsimulia bila kujiingiza na mimi.

Mji wetu unaitwa Idalene, uko kusini mwa Mississippi, katikati ya misonobari. Jina ni la binti wa mpima ardhi wa kampuni ya reli, msichana ambaye kwa tunavyojua hakuwahi kutia mguu hapa. Hapakuwa na mto mkubwa wala njia panda wala sababu yoyote ya watu kukaa hapa, isipokuwa kwamba injini za makaa zilipofika mahali hapa zilikuwa zimeishiwa maji. Kampuni ikajenga tangi juu ya miguu ya mbao. Akawekwa mtu wa kulitunza, mtu huyo akahitaji mahali pa kununua unga, mwenye duka naye akahitaji kinyozi. Ikaja jinari ya kuchambulia pamba, kikaja kiwanda cha mbao, yakaja makanisa matatu na safu moja ya maduka, yote yakitazama reli, maana huko ndiko mambo yalikotokea. Wazungu walikaa kaskazini ya reli. Sisi weusi tulikaa kusini, penye tangi na matope ya tangi, na pakaitwa Upande wa Tangi. Mwenye saa ya ukutani aliirekebisha kwa treni. Mama alikuwa akisema, "Uwe umerudi kabla ya treni ya saa tisa," na wewe mwenyewe ulijua maana yake.

Bi Arvesta aliletwa hapa akiwa bibi harusi wa miaka kumi na minane, mwaka 1917. Mumewe, Lonnie, alikuwa kibarua wa reli, na kwa kuwa alikuwa na sauti, yeye ndiye aliyewaimbisha wenzake ili wanyanyue chuma kwa pamoja. Walipata watoto wawili, na wote wawili hawakulia walipozaliwa. Mwaka 1929 kipande cha reli kiliteleza kutoka kwenye kitoroli kikamwangukia Lonnie kifuani. Kampuni ilituma salamu za rambirambi na paja la nguruwe. Bi Arvesta alikuwa na miaka thelathini, hana mume wala mtoto, na nyumba yake ilikuwa hatua sitini kutoka kwenye tangi.

Mkunga mzee wa wakati huo, Bi Parthenia, ndiye aliyemfundisha kazi. Watu walimshangaa. Mwanamke aliyezika wawili wake anawezaje kukaa siku nzima akingojea wa wenzake? Niliwahi kumwuliza nikiwa mkubwa.

"Nilikuwa nimechoka kulia peke yangu," akasema. "Nikaona afadhali niende wanakolia watoto."

Alikuwa mfupi, mpana, mwenye sauti ndogo. Alinawa mikono hadi viwiko mpaka ngozi ikapauka. Aproni yake ilikuwa nyeupe kuliko kitambaa cha meza ya Bwana kanisani, na wanakanisa walilijua hilo na liliwakera kidogo. Alilipwa kuku, viazi vitamu, au ahadi, na zote alizipokea kwa uso uleule. Waume walimwogopa kwa sababu hakuwaacha wakae bure.

"Kachote maji."

"Maji yapo, Bi Arvesta."

"Basi kayamwage, ukachote mengine."

Sasa nije kwenye Jumanne ile. Mama yangu, Estelline, alikuwa na miaka ishirini. Baba alifanya kazi kambi ya mbao huko kaskazini, na mama alikuwa kwenye treni akienda kujifungulia kwa bibi yangu. Alidhani ana miezi miwili mbele yake. Uchungu ukamshika ndani ya behewa la weusi, na kondakta akamteremsha stesheni ya kwanza iliyofuata, ambayo ilikuwa Idalene. Mwanamke mmoja aliyekuwa akingojea treni akakimbia kuvuka reli kumwita Bi Arvesta.

Stesheni ilikuwa na vyumba viwili vya kungojea. Chetu kilikuwa na jiko lililoharibika tangu msimu wa pamba, likisubiri fundi. Bi Arvesta alimkuta mama kwenye benchi, midomo ina rangi ya majivu, na ndoo ya maji ya kunywa imeganda barafu juu. Alimpapasa tumbo mara moja tu, akaenda kwenye dirisha la tiketi. Stesheni masta, Bwana Prewitt, alikuwa Mzungu mkavu wa maneno, mwenye saa ya mnyororo. Kama Wazungu wote, alimwita kwa jina lake tupu.

"Bwana Prewitt, nakihitaji kile chumba kingine."

"Chumba chako unakijua, Arvesta."

"Nakijua. Kina barafu. Mtoto anakuja kabla ya wakati wake. Akitokea kwenye baridi ile, hamalizi saa."

"Kuna sheria. Sikuitunga mimi."

"Naijua, bwana. Mtoto ndiye asiyeijua bado."

Bwana Prewitt aliitazama saa yake kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma saa. Kisha akaingia chumba cha Wazungu, ambamo mlikuwa na abiria wawili wakiota moto, mchuuzi wa cherehani na bibi mmoja mwenye kofia.

"Samahanini," akawaambia, "jiko linatoa moshi. Piteni ofisini kwangu nilitazame."

Mchuuzi akasema haoni moshi.

"Utauona," akasema Bwana Prewitt, akaziba bomba hadi moshi ukatoka kweli.

Walipotoka akalizibua, akafungua dirisha kidogo, akamwambia Bi Arvesta, "Dakika ishirini. Mimi niko ghala la mizigo. Sijaona kitu."

Zilikuwa dakika arobaini, na hakurudi mpaka aliposikia sauti, ambayo mama alisema ilikuwa kama ya paka aliyefungiwa kabatini. Akagonga mlango wa chumba chake mwenyewe. Alisimama kizingitini akitazama ukuta.

"Iko mizani ya vifurushi," akasema, "kama unataka kujua uzito."

Nilipimwa hapo, juu ya mizani ya vifurushi. Nilikuwa pauni tatu kasoro. Bwana Prewitt akatafuta kreti la mayai lililokuwa tupu, akalitia magazeti, akalisukuma kwa mguu hadi ndani. Tukatolewa kwa mlango wa mizigo, na abiria wake wakarudi kwenye jiko lao. Hakuzungumzia jambo lile tena hadi anakufa.

Miaka mingi baadaye nilimwuliza Bi Arvesta alimwonaje mtu yule.

"Alinipa dakika ishirini, zikawa arobaini," akasema. "Nashukuru kwa zote arobaini. Lakini na wewe usisahau kwamba ilibidi niombe."

Alitupeleka nyumbani kwake. Mtoto wa uzito ule hawezi kujitunzia joto, na daktari wa karibu alikuwa maili kumi na tisa, na hospitali yake haikuwa na kitanda cha weusi. Bi Arvesta aliliweka kreti karibu na jiko, akalizungushia chupa za maji ya moto zilizofungwa vitambaa, na chupa hizo zilibadilishwa kila moja ilipoanza kupoa. Maziwa ya mama aliyakamua akanidondoshea kwa kibomba cha kutilia dawa ya macho. Shida ilikuwa moto. Mvua ilikuwa imelowesha kuni zote za Upande wa Tangi, na moto wa kuni mbichi hauaminiki.

Siku ya pili treni ya mizigo ya mchana ilisimama kunywa maji. Mchochea moto wake alikuwa kijana mweusi wa Hattiesburg, Cleophus Nance. Wachochea moto walikuwa na kazi ya kupanda juu ya behewa la makaa na kuvuta bomba la tangi, na kutoka kule juu waliona ua wa kila mtu. Cleophus alikuwa ameshasikia habari zetu stesheni. Akapaza sauti kutoka juu.

"Bi Arvesta, yule mtoto wa kwenye kreti, anahitaji nini?"

"Moto usiozimika."

Cleophus akacheka. "Basi umemwuliza anayeujua."

Akachukua sepetu, akarusha makaa ya mawe juu ya uzio, sepetu kumi au zaidi. Kesho yake akarusha tena. Akawaambia wenzake wa treni nyingine, na kabla ya wiki kwisha kila treni iliyokunywa maji Idalene iliacha kitu uani kwa Bi Arvesta. Makaa yalikuwa ya kampuni. Madereva, ambao wote walikuwa Wazungu, wakati huo walipenda sana kutazama upande wa kaskazini. Dereva mmoja mzee alituma kopo la maziwa ya unga na kusema ameliokota.

Kila aliyerusha makaa alitaka kujua hali, na Bi Arvesta hakuwa na nafasi ya kutoka nje kumjibu kila mmoja. Akawaambia hivi: wakiona nepi nyeupe kwenye uzio, mtoto yu hai. Nepi ile ikaanikwa kila asubuhi. Ilisomwa na watu wa Hattiesburg na watu wa Mobile, watu ambao mama hakuwahi kuwaona nyuso. Walipoiona walipiga honi mara mbili fupi.

Mwanzoni mwa Februari, asubuhi moja, niliacha kupumua. Mama alisema niligeuka rangi ya samawati kuanzia kucha. Bi Arvesta alinitoa kwenye kreti, akafungua blauzi yake, akaniweka kifuani ngozi kwa ngozi, akawa ananipulizia hewa mdomoni kidogokidogo, kama mtu anayepuliza kaa ambalo bado lina uhai. Nikavuta pumzi. Nikaacha tena. Akapuliza tena. Ikaenda hivyo hadi karibu na mchana, na hakuna aliyeikumbuka nepi.

Treni ya mizigo ikasimama. Cleophus akapanda juu, akavuta bomba, maji yakaanza kuingia, ndipo akautazama uzio. Haukuwa na kitu. Akaruka chini akaacha bomba linamwaga. Akaingia nyumbani bila kubisha.

"Nepi iko wapi?"

"Iko ndani, haijakauka," akasema Bi Arvesta. "Na wewe umeniingilia na viatu."

"Bi Arvesta, nakuuliza mtoto."

"Mtoto huyu hapa. Ametutesa tangu alfajiri, sasa ananyonya kidole changu. Vua viatu au toka."

Cleophus akakaa sakafuni akiwa na viatu vyake, akafunika uso kwa mikono yenye makaa, akalia. Mama alikuwa akisema kwamba ndipo na yeye alipolia kwa mara ya kwanza, baada ya kumwona mwanamume asiyemjua akilia kwa ajili ya mwanawe. Bi Arvesta hakulia. Aliwaacha wote wawili walie, kisha akamwambia Cleophus aende, kuna mtu anatukana huko nje.

Alikuwa dereva. Maji yalikuwa yamejaa yakafurika, yakashuka kwenye mataruma na kuganda juu ya reli. Cleophus alirudi na uso wenye michirizi.

"Umepatwa na nini wewe?" dereva akamwuliza.

"Anapumua."

Dereva akaacha matusi. "Haya, chukua sepetu tuvunje barafu hii," akasema, na akashuka naye. Treni ilichelewa dakika kumi na saba, na katika ripoti pakaandikwa kwamba kulikuwa na baridi.

Mwishoni mwa Machi baba, Otha, alikuja kutuchukua. Alikuta mtoto wa pauni sita, na uani rundo la makaa lililomfika kiunoni. Hakutuchukua. Aliomba kazi yadi ya mataruma, akapanga nyumba mlango wa tatu kutoka kwa Bi Arvesta, na mpaka leo ninakaa mtaa huo. Jina langu ni Vernell. Cleophus ndiye aliyelichagua, ni la dada yake.

Nilikua nikimwona Bi Arvesta akitoka na mkoba wake, akirudi na kuku kwapani. Alizalisha Upande wa Tangi wote na, kimyakimya, kwa mlango wa nyuma, baadhi ya upande wa pili pia. Serikali ilipoanza kuwakagua wakunga, muuguzi wa wilaya akawa anawakusanya kila mwezi na kuifungua mikoba yao. Wengine walichukia. Yeye alikwenda mapema na kuketi mbele.

Mwaka 1953 tulikuwa tukianika nguo, mimi na yeye, ilipopita injini ya kwanza ya dizeli. Haikupunguza mwendo. Ilipita tangi, ikapita stesheni, ikaenda. Bi Arvesta alibaki na shuka mkononi.

"Hilo halina kiu," akasema.

Baada ya miaka miwili wakaja kuling'oa tangi. Kinyozi akafunga, kiwanda cha mbao kikafuata, na vijana wakaanza kupanda treni za kwenda Chicago na kutorudi. Mimi nilikwenda chuo, nikarudi kufundisha, darasa langu likipungua kila mwaka. Lakini tuliobaki tulibaki tukijuana vizuri, na sioni haya kusema kwamba nimekuwa na furaha hapa.

Mwaka 1966 muuguzi alimwambia Bi Arvesta kwamba mikono yake imeshakakamaa na leseni haitaendelea. Akina mama sasa wataenda hospitali. Nilijiandaa kumtuliza. Nikamkuta akipiga pasi aproni ili airudishe kwa muuguzi ikiwa safi.

"Hospitali ina damu ya kumwongezea mama anayevuja," akaniambia. "Mimi nilikuwa na mikono na maji ya moto. Wapo waliokufa nimewashika, Vernell. Majina yao ninayo. Kama wangekuwa na hospitali ile ya kuwapokea, ningewabeba mgongoni. Sasa wapo wa kuwapokea, na mimi nihuzunike?"

Alifariki mwaka 1975, mchana, usingizini, na nilikuwapo. Lakini ninachopenda zaidi kusimulia ni kitu kilichotokea kabla, mwaka 1967, ilipotangazwa kwamba treni ya abiria itaacha kuja. Ndipo niliposikia kwamba hajawahi kupanda treni tangu ile iliyomleta akiwa bibi harusi. Miaka hamsini, hatua sitini kutoka kwenye reli.

"Hata mara moja?" nikamwuliza.

"Ningepanda lini? Kila nilipotaka kusafiri palikuwa na mjamzito wa mwezi wa tisa."

Nikakata tiketi mbili za Mobile, kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Alivaa gauni la buluu na kofia. Alikuwa amekaanga kuku na kuoka keki na kuvitia kwenye boksi la viatu, kama watu wetu walivyosafiri siku zote, maana zamani hapakuwa na mahali pa kutuuzia chakula njiani. Nikamwambia siku hizi tunaweza kukaa behewa lolote na kununua chochote.

"Kula tutakula cha kwangu," akasema. "Kuhusu kukaa, niache nichague."

Akatembea treni nzima, behewa hadi behewa. Alijaribu viti vitatu kabla ya kuridhika. Treni ilipoondoka alitazama mji ukipita dirishani, paa lake, makanisa, duka la mwisho, na ukaisha kabla hajafungua kifungo cha koti.

"Ni mwembamba hivi?" akasema. "Nilivyokuwa nachoka kuuzunguka."

Mbele yetu alikaa msichana wa Kizungu, mjamzito, amejishika kiuno. Bi Arvesta alijizuia kwa stesheni mbili.

"Mwanangu, huo ni mwezi wa nane."

"Wa saba, mama."

"Wa nane. Hesabu upya."

Yule msichana akahesabu kwa vidole. Akasita, akahesabu tena, akatutazama kwa macho makubwa. Bi Arvesta akahamia kiti cha pembeni yake, akamwonyesha mahali pa kukandamiza mgongo, akampa paja la kuku, na kufikia Mobile yule binti alikuwa amelala na kichwa begani kwake. Alimwamsha polepole na kumwambia asibebe sanduku.

Tulitembea hadi bandarini. Nikamnunulia kisahani cha chaza wabichi, akamtazama yule wa kwanza, akasema, "Huyu bado hajaamua kama amekufa," akakisukuma kisahani kwangu. Aliomba aiskrimu, akala mbili. Tukarudi na treni ya alasiri.

Tuliposhuka Idalene jua lilikuwa bado lipo. Nilidhani tutaenda moja kwa moja nyumbani. Yeye akasimama chini ya ngazi na kumpa kondakta mkono, akamshukuru. Akamshukuru kijana aliyeshusha mifuko, ingawa hatukuwa na mfuko. Kisha akaanza kutembea kando ya treni kuelekea mbele, polepole, kwa miguu yake mibovu, na kondakta akaitazama saa yake lakini hakutoa ishara. Alipofika kwenye injini akainua uso. Dereva alikuwa mgeni kwetu, kijana tu.

"Kuna tatizo, mama?" akauliza kutoka juu.

"Hakuna. Nimekuja kusema ahsante."

"Kwa safari?"

"Na kwa hiyo pia," akasema Bi Arvesta.

Kijana hakuelewa, hakuwapo siku za makaa, ila alivua kofia. Bi Arvesta akanishika mkono, akarudi nyuma hatua mbili, akamwambia dereva sasa anaweza kwenda.